Damu ni Ile Ile, Sahani Ndo Imebadilika

Wiki hii hakuna video. Nimeamua kuandika, manake kuna mambo ukiyasema mbele ya kamera huku mdomo umejaa kuku, hakuna mtu atakuamini.

Mnaonifuata mnanijua kwa kazi moja tu: nakula. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kutosha, nikarudi nyumbani Mkomani, nikakaa miezi mitatu naangalia dari. Siku moja nikajirekodi nikila viazi karai vya mamangu na ukwaju, nikasema maneno mawili matatu ya upuzi, asubuhi naamka nakuta video imetazamwa na watu elfu arubaini. Toka siku hiyo ikawa ndo riziki yangu. Ukiniambia kuna mishkaki mikali Kongowea, niko. Ukiniambia kuna mama anauza kaimati za shira nzito kule Kisauni, niko. Na Ramadhani ndo nilikuwa sipumziki kabisa: futari tatu jioni moja, mahali patatu, na kila mahali lazima sahani ionekane imeisha. Watazamaji hawapendi kuona chakula kimeachwa.

Nilianza kazi hii nikiwa na kilo 71. Miezi mitatu iliyopita nilipanda mizani nikakuta 96.

Na sikuipanda kwa kupenda. Nilikuwa nimemsindikiza mamangu kliniki. Alikuwa na kiu isiyoisha, usiku anaamka mara nne mara tano kwenda chooni, na miguu inamfanya ganzi. Akapimwa sukari kabla ya kula chochote: 11.8. Daktari akamweleza polepole, kwa heshima, kwamba hiyo ni kisukari na ataanza vidonge. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe kijana, ushawahi kupima?" Nikacheka. Nina miaka ishirini na tatu, kisukari na mimi wapi na wapi?

Kesho yake nikarudi na tumbo tupu. 6.4.

Kwa asiyejua hizi namba: ukiwa hujala usiku kucha, sukari ikifika 7 na kwenda juu, na ikapimwa tena ikawa vile vile, hicho ni kisukari. Yangu ilikuwa haijafika, lakini imeshasimama mlangoni inapiga hodi. Wakanizungushia utepe kiunoni, sentimita 108. Daktari hakunigombeza. Aliandika tu.

Njiani tukirudi, mamangu ndo alikuwa ananituliza mimi. "Usijitese, mwanangu. Hii ni damu yetu. Nyanyako alikuwa hivi hivi, mamako mkubwa hivi hivi. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Akacheka, na mimi nikacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Jioni ami yangu akaja kujulia hali, na yeye akaleta maneno yake. "Hakuna cha damu hapo. Ni tumbo. Fungeni mdomo muone kama hamtakonda." Mamangu akanyamaza, akainuka, akaenda jikoni. Nilimuona akipangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari.

Hizo ndo fikra mbili tulizonazo mtaani kuhusu unene. Ya kwanza inasema umeandikiwa, huna la kufanya. Ya pili inasema ni ulafi wako, ujilaumu mwenyewe. Nimekaa na hizi fikra wiki nyingi, nikasoma nilichoweza kusoma, nikamsumbua beshte yangu anayesomea unesi anifafanulie pale niliposhindwa. Mimi si daktari, na chuo chenyewe sikumaliza. Lakini nimejua kitu kimoja ambacho natamani ningekijua kabla ya kilo ya themanini: mamangu na ami yangu wote wamekosea, na wote wana kipande cha ukweli.

Tuanze na cha mamangu. Kweli unene unarithiwa, kwa kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza na wenzao walichunguza watu zaidi ya 38,000, wengi wao Wazungu, wakakuta jeni moja inaitwa FTO. Kuna namna moja ya hiyo jeni ambayo ukiipata kutoka kwa baba na pia kwa mama, yaani unazo mbili, unakuwa mzito kuliko mwenzako asiye nayo kabisa. Kwa hivyo ile ya "sote tunakula sawa lakini yeye hanenepi" si uongo. Watu hawakuumbwa sawa. Yuko anayeshiba haraka na yuko ambaye ubongo wake unachelewa kupata habari kwamba tumbo limejaa.

Lakini sasa sikiliza huo uzito ni kiasi gani. Ni kama kilo 3, kwa wastani. Kilo tatu tu! Mimi nimeongeza 25. Hata kama hiyo FTO ninayo mara mbili, na sijui kama ninayo, zile 22 zilizobaki ni za nani?

Ziko jeni nyingine, ni mamia, kila moja inachangia kidogo kidogo. Lakini hesabu hiyo ilinifanya niulize swali lingine. Jeni zangu ni zile zile nilizozaliwa nazo. Nilipokuwa na kilo 71 zilikuwepo, na nilipofika 96 zilikuwepo. Ni nini kilichobadilika?

Hapa ndo nilijifunza jambo ambalo shule walinipitishia haraka haraka. Kila seli ya mwili wako, ya jicho, ya ini, ya mafuta ya tumboni, karibu zote zina kitabu kile kile cha jeni. Sasa mbona jicho halifanyi kazi ya ini? Kwa sababu si kurasa zote zinasomwa. Kuna jeni zimewashwa na kuna jeni zimezimwa, na kuna zile zimewashwa kidogo tu kama taa ya usiku. Mwili umejaa swichi.

Hata ile FTO, mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba tatizo lenyewe lilikuwa swichi. Kile kipande cha FTO kinachohusishwa na unene kinawasha jeni mbili nyingine zilizo mbali nacho, IRX3 na IRX5. Zikiwashwa sana, seli changa za mafuta zinaelekea kuwa seli za kuweka akiba badala ya seli za kuchoma nishati ziwe joto. Ni kama swichi ya sebuleni inayowasha taa ya jikoni.

Na swichi ziko za aina nyingi. Mwaka 1993 Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walichapisha walichokikuta kwa mnyoo mdogo wa milimita moja: vipande vifupi mno vya RNA, leo vinaitwa maikroRNA. Watu wengi walidhani ni mambo ya mnyoo tu. Baadaye ikaonekana sisi pia tunavyo, mamia na mamia, na mwaka 2024 hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

Nieleze maikroRNA kwa lugha ya kibandani. Fikiria hoteli. Kitabu cha mapishi kimefungiwa ofisini, hakitoki. Mteja akiagiza biriani, mtu wa ofisini ananakili ukurasa wa biriani kwenye karatasi na kuupeleka jikoni, mpishi anapika. Hiyo karatasi ndo RNA ya kubeba ujumbe. Sasa kuna kijana anasimama kati ya ofisi na jikoni, anachana baadhi ya karatasi kabla hazijamfikia mpishi. Kitabu hakijaguswa na mpishi ni yule yule, lakini biriani haitoki. Huyo kijana ndo maikroRNA. Na kwa watu wenye unene uliopitiliza, wanasayansi wanakuta hawa vijana wamebadilika: wengine wamezidi, wengine wamepungua, na baadhi yao wanahusika na jinsi seli inavyoisikiliza insulini, ile homoni ya kongosho inayoifungulia sukari mlango iingie ndani ya seli. Seli ikiacha kuisikiliza, sukari inabaki nje kwenye damu inazurura. Ndo 11.8 ya mamangu hiyo.

Swali la pesa zote: nani anazibonyeza hizo swichi? Ni vitu vingi. Usingizi, mazoezi, sigara, mawazo. Lakini kimoja kinaingia mwilini kila siku mara tatu, na kwangu mimi mara saba. Chakula.

Sasa usiniambie huo ni utafiti wa Wazungu na panya wao. Ngoja nikupeleke hapo jirani, Moshi, Tanzania.

Hospitali ya KCMC pale Moshi, pamoja na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya zao kutoka mkoa wa Kilimanjaro. Matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Nature Medicine mwezi wa nne mwaka 2025. Wale wa kijijini waliozoea ndizi za kupika, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa wakapewa chakula cha kisasa cha mjini, vya kukaanga na vya viwandani, wiki mbili. Wale wa mjini waliozoea hivyo vya kisasa wakapewa chakula cha asili, wiki mbili vile vile. Kundi lingine likanywa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, wiki moja. Wachache wakaachwa waendelee na chakula chao ili walinganishwe.

Wiki mbili, wadau. Si miaka miwili kama mimi.

Waliobadilishiwa wakala vya kisasa waliongezeka uzito. Damu yao ikaonyesha dalili za mwili kuwaka ndani kwa ndani, ule moto mdogo usiouma ambao ukikaa muda mrefu unafungulia njia kisukari na magonjwa ya moyo. Seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi zikikutanishwa na vijidudu. Watafiti walipoangalia ni jeni zipi zinasomwa ndani ya seli za damu, wakakuta usomaji wenyewe umebadilika. Waliorudishwa kwenye chakula cha asili, ule moto ukashuka. Waliokunywa mbege nao walishuka, ila hiyo mimi naipisha, dini hainiruhusu.

Na kitu kilichoninyima usingizi ni hiki: wiki nne baada ya kila mtu kurudia chakula chake cha kawaida, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Ulikula wiki mbili, mwili unakumbuka mwezi mzima.

Kweli walikuwa wachache, walikuwa wanaume peke yao, na muda ulikuwa mfupi. Sitawadanganya kwamba wiki mbili za ndizi zinaponya kisukari. Lakini angalia lile jambo lenyewe. Ni watu wa mkoa mmoja. Hakuna aliyebadilishiwa wazazi. Walibadilishiwa sahani, na mwili ukaanza kusoma kurasa nyingine za kitabu kile kile.

Na hapa kwetu Kenya tuna mfano mwingine, Turkana. Mwaka 2020 kikundi cha watafiti, Wakenya na wageni, kilichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima wa Kiturkana zaidi ya elfu moja. Wako waliobaki kwenye ufugaji, maziwa, damu na nyama. Wako walioacha kuhama lakini bado wanaishi kijijini. Na wako walioingia mjini, kwenye unga, sukari na mafuta ya kupikia. Ungedhani hao wafugaji wanaokula nyama na maziwa ndo wagonjwa, sivyo? Walikuwa na afya nzuri. Hata wa kijijini walioacha ufugaji hawakuwa na tofauti kubwa. Waliopata shida, unene, presha na sukari, ni wale wa mjini. Tena aliyezaliwa kwenye mazingira ya mjini alikuwa na hali mbaya zaidi ukubwani, kama kwamba mwili uliandika kitu toka utotoni.

Halafu mwaka 2025 watafiti wa mradi huo huo wakaonyesha kwamba Waturkana wana jeni iliyochujwa na jua na kiu vizazi kwa vizazi, inaitwa STC1, inayosaidia figo kubana maji. Kwenye jangwa ni baraka. Wanachohofia ni kwamba baraka hiyo hiyo inaweza kugeuka mzigo mtu akihamia mjini. Jeni si nzuri wala mbaya. Inategemea umeipeleka wapi na unailisha nini.

Niliposoma hayo nikaenda kabatini nikatoa picha ya babu.

Babu, babake mamangu, alikuwa mtu wa Takaungu. Shamba na bahari. Kwenye hiyo picha amesimama na msuli wake, kifua wazi, mbavu unazihesabu, na mkononi ameshika changu wawili. Nilimwekea mamangu picha mbele yake, mezani, karibu na pakiti ya vidonge. Nikamuuliza, "Mama, huyu ni damu gani?"

Akaiangalia sana. "Ni babangu."

"Mbona si mnene?"

Akakaa kimya. Halafu akaanza kunihesabia, kama mtu anayesoma orodha ya zamani: asubuhi uji wa wimbi, hauna sukari ila siku ya sikukuu. Muhogo. Mchana samaki na sima ya mtama au mahindi ya kusaga wenyewe. Mchunga, kisamvu, mnavu, kunde. Wali ulikuwa wa Ijumaa na wa wageni. Mahamri ya Idi. Na babu alikuwa anatembea mpaka shamba na kurudi, kila siku ya Mungu. Nyanya alianza kunenepa baada ya kuhamia Mombasa mjini kwa mwanawe, akakaa kiti kimoja, chai ya rangi vijiko vinne, mikate mieupe.

"Kumbe," akasema. Basi, hilo tu.

Wazee walituachia methali mbili ambazo hatuzitumii pamoja. Mtoto wa nyoka ni nyoka, hiyo tunaipenda, manake inatuondolea kazi. Nyingine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nadhani jeni ni mtoto kama huyo. Umezaliwa naye, humchagui, ana tabia zake. Lakini malezi ni yako.

Na sasa nakuja kwa ami yangu, manake najua kuna anayesoma hapa anasema "si ndo tulisema, ni tumbo tu." Taratibu.

Kama ni tumbo tu, niambie mbona sote tumekuwa walafi kwa wakati mmoja? Utafiti wa afya wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta wanawake 33 kati ya 100, wenye miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi au unene. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 45. Miaka minane! Jeni hazibadiliki kwa miaka minane, na sidhani wanawake wa Kenya waliamka siku moja wakapoteza nidhamu kwa pamoja. Kilichobadilika ni mazingira. Ni bei. Ni kazi za kukaa. Ni nani anauza nini karibu na mlango wako saa mbili usiku ukishuka matatu umechoka.

Hapa Mkomani kwa mia moja nashiba chipsi mpaka asubuhi. Hiyo mia moja haininunulii changu. Mchunga ni rahisi, lakini unataka kuchambuliwa, kuchemshwa, kumwagwa maji machungu, kutiwa nazi, na anayerudi kazini usiku ana jiko moja la mafuta na watoto watatu. Hatua chache kutoka kwetu kuna upande wa Nyali wenye mageti na miti, watu wanakimbia asubuhi na viatu vya bei ya kodi yangu. Siwaonei wivu. Nasema tu swichi zetu zinabonyezwa na vidole tofauti.

Na mamangu huyo anayeambiwa afunge mdomo, ndo huyo anaamka saa kumi kukanda unga. Mahamri na viazi karai ndo vilinisomesha mpaka hapo nilipofika. Anakaanga akiwa na njaa, anaonja akiwa amechoka. Halafu akinenepa, majirani wanamsifu, "Mashallah, umenawiri, mwanao anakutunza." Toka lini mtu akashuku kitu anachosifiwa?

Aibu haiponyi. Ile siku ami alipoongea, mamangu hakula mbele ya mtu siku mbili. Alikula jikoni peke yake, usiku. Hayo ndo matunda ya "fungeni mdomo."

Basi tumefanya nini? Kidogo. Vidonge anameza kila siku, na tafadhali, mtu yeyote asiache dawa ya daktari kwa sababu amesoma habari za mchunga kwangu. Soda imetoka nyumbani. Chai imebaki, sukari imeshuka kutoka vijiko vitatu hadi nusu, na hiyo ilikuwa vita kweli kweli. Mbaazi za nazi tumebaki nazo, manake mbaazi hazina kosa. Mahamri ndo yamekuwa mawili badala ya sita. Uji wa wimbi umerudi. Mboga zinajaa nusu ya sahani, wali robo. Jioni natembea naye mpaka karibu na daraja la Nyali na kurudi, polepole, na ganzi yake ya miguu. Kuna utafiti uliokusanya habari za watu wazima zaidi ya 200,000, ukakuta kwamba kwa wanaojishughulisha na mwili, ile nguvu ya FTO ya kumtia mtu kwenye unene inapungua kwa asilimia 27. Ukitembea, hata jeni yenyewe inakuonea haya.

Baada ya wiki kumi: mimi kilo 91, sukari 5.8. Mamangu 8.1. Bado si kuzuri, lakini si 11.8. Daktari alitabasamu kidogo, na mamangu akaitembeza hiyo tabasamu mtaa mzima.

Sasa sehemu ngumu, ndo sababu ya kuandika.

Tangu nianze kula kidogo, video zangu zimeanguka. Mtu hataki kuniona nikila kunde. Na mwezi uliopita biashara moja ya kuku wa kukaanga, siitaji, ilinipigia simu: video nne kwa mwezi, miezi sita, ndoo nzima ya kuku na soda kubwa, lazima niimalize mbele ya kamera. Pesa yenyewe inalipa kodi na vidonge vya mamangu na bado inabaki. Nilikaa na ule mkataba siku tano. Usiku naufungua kwenye simu, naufunga.

Nilimwambia mamangu. Nilidhani ataniambia nikatae. Akanambia, "Mimi siwezi kukukataza, mwanangu. Kesho alfajiri na mimi nakaanga mahamri nikauzie watoto wa watu." Akawa anatazama mikono yake. "Ila usisaini ukasema ni kwa ajili yangu."

Sikusaini. Si kwa sababu mimi ni mtu mwema sana. Ni kwa sababu ile 6.4 naiona kila nikifumba macho, na dadangu ana mimba ya miezi sita, na wale watoto wa Kiturkana waliozaliwa mjini hawanitoki kichwani. Mamangu bado anakaanga. Nyumba inakula kwa hayo mafuta. Siwezi kujifanya nimepata jibu la hilo, ila tumeongeza sufuria ya mbaazi na ya pojo pale mezani kwake, na zinauzika, Alhamdulillahi, si kama viazi lakini zinauzika.

Nitaendelea kurekodi. Kongowea nitakuja, kaimati nitaonja, futari ikifika tutakuwa pamoja. Ila mtaona kitu kimoja kimebadilika: sahani haitakuwa imeisha. Nitaonja, nitawaambia ni tamu, na kitakachobaki kitabaki pale mkikiona. Kama hilo litawaudhi, niwieni radhi. Na wewe unayesoma, kama kwenu pia mnasema "ni damu yetu", nenda kapime kabla ya chai. Kisha mtafute babu yako kwenye picha.